Pembe Nne za Kidirisha

Jumanne, 4 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Huku tunalala na kuamka salama, hofu ni kwako wewe uliye peke yako na skrubu zako. Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako anadai mjomba kamsahau, nikamwambia mjomba hasahau, ila mkono wake ni mzito wa kuandika. Ningekupigia simu, lakini najua simu inavyokufunga ulimi. Tungemaliza vocha tukiwa bado kwenye "hujambo". Basi tuandikiane kama tulivyozoea.

Nataka kununua kamera. Hii yangu kuukuu imeanza kunitia aibu. Jumamosi nilipiga harusi, na leo mama wa bibi harusi amekuja studio akazipanga picha mezani, moja moja. Picha ya familia nzima, yeye hayumo. Alikuwa amesimama mwisho wa mstari, kilichoingia ni kiwiko chake na mkoba. Katika nyingine shangazi mtu amekatwa nusu. Nikamwambia kamera ni mbovu. Akanitazama mpaka nikainama, nikajifanya natafuta kitu sakafuni.

Mwishoni mwa Aprili nina mahafali ya chuo cha wauguzi. Jukwaa refu, watu wengi, na wote wanataka waonekane. Nikiharibu na hiyo, studio naifunga, maana maneno yatazagaa na hakuna atakayeniita tena. Naogopa, mdogo wangu, sikufichi. Siku hizi naota Mama akipapasa ukuta wa korido.

Wanasema ziko kamera mpya zisizo na kioo ndani, ukichungulia unaiona picha kwenye kiskrini jinsi itakavyotoka. Nasikia dukani kwenu ziko mbili: nyeusi kubwa, na ndogo ya rangi ya fedha. Zipitishe mikononi mwako, kisha uniambie ukweli wa fundi, si wa muuzaji.

Dada yako


Jumanne, 11 Februari

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikacheka habari za shangazi nusu, kisha nikajisuta, maana wewe hukuwa unacheka. Pole. Kamera ikizeeka ni kama gari: inakuaibisha siku ambayo umebeba wageni.

Bosi amenipa ruhusa ya kuzitoa zote mbili kabatini. Nyeusi ni jitu. Ukiivaa shingoni harusi nzima, jioni utatembea kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Lakini kazi yake, dada, ni ya kutisha. Inashika uso wa mtu na kumfuata anapokwenda, hata akigeuka kidogo haimwachi. Ina nafasi mbili za kadi, moja ikifa nyingine inabaki na picha zako. Na kidirisha chake cha kuchungulia ni kipana na kina mwanga, kama umekaa viti vya mbele sinema.

Fedha ni nyepesi, inaingia kwenye mkoba. Inapiga kimya, hata mtoto aliyelala hashtuki. Rangi za ngozi inazitoa vizuri kuliko nyeusi, hilo siwezi kulificha. Ubaya wake, betri inakata roho mapema, utahitaji mbili za akiba, na kidirisha chake ni kidogo.

Bosi anasema fedha, lakini yeye hupenda chochote kinachong'aa. Mimi nasema nyeusi. Mpiga picha anaishi ndani ya kidirisha, na kikiwa kipana anapumua.

Kuhusu mimi, mzima, ila goti limevimba. Kuna mlango wa kabati la lenzi ambao watu wanauacha wazi na hakuna anayekubali kosa. Nimejigonga mara ngapi sijui. Bosi ameniita Faru mbele ya wateja, na jina limeanza kushika.

Mdogo wako,
Bisibisi (au Faru)


Jumamosi, 15 Februari

Mdogo wangu,

Ahsante kwa kazi ya mikono yako. Pole kwa goti, weka maji ya baridi.

Nina maswali mengine. Usicheke na usiniulize ya nini. Katika hizo mbili, ni ipi ambayo picha ya ndani ya kidirisha ni ndogo zaidi? Nasema ndogo, sikukosea kuandika. Zile namba na maandishi ya ndani, yanaweza kukuzwa? Na mtu akiingia kwenye picha kutoka pembeni, kamera inakuonyesha kwa alama yoyote, au mpaka umwone mwenyewe?

Kisha nifanyie jaribio. Washa kamera, weka jicho, ukodoe katikati kabisa ya kidirisha. Usilizungushe jicho. Kwenye pembe nne kuna namba, sivyo? Ukiwa umekodoa hapo katikati, unaziona zote nne kwa pamoja? Jaribu nyeusi, jaribu fedha, uniandikie pembe kwa pembe.

Jana nimemgonga mtoto wa jirani pale mlangoni kwangu. Hakuumia, alilia kidogo tu. Mama yake aliniuliza kama sikumwona, nikasema katokea ghafla. Siku hizi kila mtu anatokea ghafla. Basi, hayo hayahusu kamera, mkono umejiandikia tu.

Usichelewe kunijibu.

Dada yako


Jumamosi, 22 Februari

Dada yangu,

Miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii, sijaona mpiga picha anayetafuta kidirisha kidogo. Ni sawa na mtu kuomba dirisha dogo kwenye chumba cha joto. Nimekaa nikiwaza. Mwanzo nilisema unamnunulia mpwa wangu, kisha nikasema labda unataka kumwachia shemeji studio na wewe ukapumzike, maana yeye kwa kamera ni yule yule aliyepiga picha kidole chake sikukuu nzima. Kama ni hivyo, niambie mapema niwaombee wateja.

Majibu haya hapa. Picha ya ndani iliyo ndogo ni ya fedha. Maandishi yanakuzwa katika zote mbili. Nyeusi inaweka kifremu usoni kwa kila anayeingia, fedha nayo inaweka lakini kwa kuchelewa.

Sasa jaribio lako. Nachungulia kwa jicho la kushoto kama kawaida yangu. Nyeusi imeniangusha, dada. Pembe za kushoto, juu na chini, sawa kabisa. Za kulia hakuna kitu, juu wala chini, mpaka nizungushe jicho nizitafute. Fedha ina afadhali, ninayoikosa ni moja tu, ya juu kulia. Nilidhani ni vumbi. Nikasafisha, nikafungua kidirisha cha nyeusi nikakirudisha, hali ikawa ile ile. Nadhani ndivyo zilivyotengenezwa, hakuna kiumbe anayeona pembe nne kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo nafuta neno langu la kwanza. Umenishinda kwa swali lako. Kama pembe ndizo unazozitaka, chukua fedha.

Goti limepona, sasa ni bega. Mlango ule ule.

Bisibisi


Jumatatu, 24 Februari

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Keti kwanza.

Pembe zile zipo, zote nne. Mtu mwenye macho mazima anaziona kwa mkupuo mmoja. Nilimpa mpwa wako kamera ya jirani yangu wa studio ya pili, akanisomea namba zote huku akitafuna penseli. Mimi nilipochungulia sikuona hata moja.

Kamera yangu haina ubovu wowote. Ni macho yangu. Nilikwenda kliniki ya macho Januari, na ninachokiandika hapa hata shemeji yako hajakisikia. Daktari anakiita presha ya macho. Hakiumi. Kinakula kuanzia pembeni, taratibu kama mchwa, na macho mawili yanasaidiana kuficha, hili likikosa lile linajazia. Ndiyo maana mtu hajui. Kidirisha cha kamera kinataka jicho moja, hapo hakuna wa kumsaidia mwenzake.

Waliniweka kwenye mashine, kidevu juu ya kibao, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikiona kinukta cha mwanga. Nilikaa nikisubiri. Nikamwuliza muuguzi mbona hamjaiwasha. Akaniambia kwa sauti ya upole kwamba ilikuwa inawaka muda wote.

Wewe ulipopata akili ulimkuta Mama tayari anashika kuta. Mimi nilimwona akianza. Alianza kwa kujigonga milangoni, akilaumu nani kauacha wazi. Akawa akimimina maji kando ya glasi. Kisha watu wakawa wanamtokea ghafla. Wewe unaniandikia habari za mlango wa kabati ukicheka, na mimi nilicheka nawe, mpaka niliposoma pembe zako za kulia. Niliiweka barua mezani, nikaisoma upya, pembe kwa pembe.

Daktari aliniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikasema ninaye mmoja, huyo hana shida, anafunga skrubu ndogo kama za saa. Akasema hata hivyo aje apimwe. Nikaitikia, nikatoka, na badala ya kukuandikia hayo nikakuandikia habari za kamera. Nilikuwa natafuta kidirisha kidogo ili picha nzima iingie kwenye kitundu nilichobakiwa nacho, nifanye kazi na nisimwambie mtu. Hofu ilinishika nikawa sina akili.

Nenda hospitali. Usingoje mwisho wa wiki. Mwombe bosi ruhusa, mwambie ni goti ukitaka, lakini nenda.

Dada yako


Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu,

Barua yangu imekufikia, najua, maana nimempigia bosi wako. Amesema upo, unakula, unafanya kazi, ila umekuwa mtu wa kukaa nyuma ya duka hata saa ya chakula. Kwa hiyo umeamua kuninyamazia.

Shemeji yako nimemwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Alikaa, kisha akainuka akaenda kuisogeza ile meza ya korido, akaibana ukutani, akarudi akakaa tena. Hapo ndipo nilipolia.

Nimeanza matone, asubuhi na jioni. Yanachoma kidogo. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, na wewe umebakiwa na kingi kuliko mimi. Kila siku unayonyamaza nahesabu kwamba kuna kipande kimeondoka. Niandikie. Ukitaka, niandikie matusi, nitayasoma.

Dada yako


Jumamosi, 15 Machi

Dada,

Barua yako ile ya macho niliichana. Nilisema dada anaumwa na sasa anataka mwenzake wa kuumwa naye. Nisamehe, ndivyo nilivyosema, tena kwa sauti, na wala sikupata kigugumizi.

Halafu nikamwita dada wa kaunta. Nikampa nyeusi, nikamwambia akodoe katikati na asizungushe jicho, kisha anitajie anachokiona pembeni. Akanitajia namba zote nne kama anayesoma bei. Nikamwita bosi. Yule mzee, na miwani yake mizito kama vitako vya chupa, aliivua akachungulia, akazitaja zote, akauliza kama kuna mteja. Nikampa na mteja aliyekuja kununua betri. Zote nne.

Nikaichukua kamera nikasimama nayo mlangoni, nikachungulia mtaa. Watu walikuwa wanapita kutoka kushoto kwenda kulia. Wakifika mahali fulani wanakwisha. Mimi nilidhani upofu ni giza, dada. Giza ningelielewa. Hakuna giza. Ukuta wa duka la mbele unaendelea vizuri kabisa, na rangi yake, kama vile hapakuwa na mtu hapo. Mwanamke mmoja alipita na ndoo kichwani, akakwisha yeye na ndoo yake, na ukuta ukabaki. Nikaishusha kamera nikamwona, yuko palepale, anaendelea na safari.

Sijaenda hospitali. Niliomba ruhusa, nikapewa, nikafika getini, nikarudi. Nisipopimwa mimi bado ni fundi, fundi mwenye mkosi na milango. Nikipimwa sijui nitakuwa nani. Skrubu ninazozifanyia kazi ni ndogo kuliko punje ya mtama. Kazi nyingine siijui, na mdomo wangu unaujua, nani ataniajiri wa kuongea na watu?

Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Usimwambie mpwa wangu.

Bisibisi


Jumatatu, 17 Machi

Mdogo wangu,

Nakuambia jambo ambalo Baba alinieleza mimi peke yangu. Mama alishauriwa mapema akapimwe. Akakataa. Alisema, "Nisipopimwa mimi bado ni mshonaji." Maneno uliyoniandikia wewe ni yale yale, na hukuwahi kuyasikia, maana ulikuwa bado unabebwa. Akaendelea kuwa mshonaji mwaka mmoja zaidi. Ndicho alichopata, mwaka mmoja wa kushona, kisha miaka yote ile uliyomjua.

Kwa hiyo nakuja. Usiniandikie nisije, barua haitanikuta. Alhamisi nitapanda basi la asubuhi, shemeji yako atanipakia mwenyewe. Nisubiri kituoni, ukae kwenye benchi la mbele ya ofisi ya tiketi na usiondoke. Usihangaike kunitafuta kwenye umati, na mimi sitakutafuta, tutapishana kama vipofu wa kwenye vichekesho. Kaa hapo tu. Nitauliza watu mpaka nifike mbele yako.

Tukitoka kituoni hatupiti kwako. Tunakwenda getini pale ulipogeukia, na safari hii tutaingia.

Dada yako


Jumatano, 2 Aprili

Dada yangu,

Nashukuru Mungu umerudi nyumbani salama. Bosi anakusalimu, anasema una sauti ya kamanda, na kwamba tangu umfokee kuhusu mlango wa kabati amefunga kitasa kipya.

Majibu ya pili ya vile vipimo tulivyoendea pamoja yametoka jana. Jicho la kushoto limepoteza karibu nusu. La kulia limeanza kutafunwa ukingoni, lakini daktari anasema bado ni jicho. Nimepewa matone kama yako, na kama presha haitashuka watanifanyia upasuaji mdogo. Nikamwuliza kuhusu skrubu. Nilihangaika na neno lenyewe muda mrefu, naye akanisubiri, hakunimalizia. Akasema skrubu ziko katikati, na katikati ndiko kunakoondoka mwisho, nikitumia dawa ninaweza kuzeeka nazo. Akasema "unaweza". Niliposikia hivyo nilitaka anitajie neno lenye nguvu zaidi.

Kamera nimekutumia, ipo kwenye basi la leo pamoja na barua hii. Ni nyeusi. Najua ulitaka fedha kwa ajili ya kidirisha chake kidogo, lakini nimeipekua nyeusi mpaka mwisho wa mipangilio yake nikakuta kitu ambacho hata bosi hakijui: picha ya ndani inaweza kupunguzwa, ikakaa yote katikati na kuzungukwa na weusi. Nimeipunguza. Namba zote za pembeni nimezizima, zile za lazima nimezikuza nikaziweka chini ya picha. Kifremu cha usoni kinawaka kijani, mtu akiingia kutoka upande wowote utakiona kabla hujamwona mwenyewe. Ni nzito, nimeshakuambia. Nimeijaribu kwa jicho la kushoto, na mtaa mzima uliingia, hakuna aliyekwisha njiani.

Kwenye mahafali simama katikati ya jukwaa, mbali kidogo, kisha usogee taratibu. Usiwe na aibu ya kumwambia mkuu wa chuo kwa nini. Mimi nimemwambia bosi. Hajaniita Faru tena, nami nasikitika kidogo, jina nilikuwa nimeshalizoea.

Nikuulize jambo moja ambalo siwezi kumwuliza mtu mwingine. Asubuhi nikiamka sifumbui macho. Nalala hivyo hivyo nikisikiliza, jirani anafagia, redio ya mtu inalia, na mimi najiambia bado, bado kidogo. Kisha nafumbua la kulia kwanza, nalipitisha chumba kizima, dirisha, shati kwenye msumari, mlango, halafu ndipo ninapopata moyo wa kulifumbua la kushoto.

Wewe huwa unaanza na lipi?

Mdogo wako,
Bisibisi